Kaza Kidogo Hapo Mbele

Neno ninalolisikia zaidi kazini ni "kaza". Mtu anaketi, sijamfunga hata taulo shingoni, tayari ameshasema: fundi, leo kaza vizuri, hasa hapo mbele. Wapo wanaolisema kwa upole kama mtu anayeomba chumvi mezani. Wapo wanaolisema kwa ukali, kwa sababu fundi wao wa zamani alikuwa "anaachilia sana" na ndiyo maana wamehamia kwangu. Huu ni mwaka wangu wa saba nikisokota dredi Ngara, kwenye kichumba cha ghorofa ya pili chenye viti vitatu, sinki moja, na draya mbili ambazo moja hufanya kazi ikijisikia. Vichwa vilivyopita mikononi mwangu siwezi kuvihesabu, na karibu vyote vimeniomba kitu hicho kimoja. Kaza.

Kwa asiyefuga, nieleze. Dredi haioti ikiwa dredi. Kinachotoka kwenye ngozi ni nywele za kawaida tu, kiasi cha sentimita moja na kidogo kwa mwezi, na zinatoka vile zinavyotaka. Ukiziacha zitajifunga zenyewe polepole, ila zitajifunga kwa ratiba yao, na huenda dredi mbili jirani zikaamua kuoana. Ritachi ni kuziingilia kabla hazijaamua. Unaosha kichwa, unagawa njia kwa mkia wa kitana, unapaka jeli kidogo, unasokota shina kwa vidole kuelekea upande mmoja, unabana klipu, unamweka mtu chini ya draya saa nzima. Wengine hutumia sindano ya krosheti, ile yenye kindoano, wanazipitisha nywele mpya ndani ya dredi yenyewe mara tatu, mara nne. Mteja akitoka hapo njia zimepangika kama matuta ya sukuma. Anapiga selfi mlangoni kabla hajalipa.

Shida ni kwamba uzuri huo haukai. Baada ya wiki mbili nywele mpya zimeshachungulia, na baada ya nne kichwa kina manyoya manyoya kama kifaranga. Sasa mtu aliyelipa elfu moja na mia mbili anataka pesa yake ifike mwisho wa mwezi, na anaamini nikikaza zaidi itafika. Kusema ukweli, itafika. Ndiyo maana mazungumzo haya huwa magumu: kukaza kunafanya kazi.

Ila tazama kinachoendelea chini. Unywele uliolowa hunyumbuka. Ukiuvuta unakubali tu, haupigi kelele. Ukikauka unajikunyata kurudi ulikokuwa, na kwa sababu umeufunga, kinachovutwa ni ngozi. Usiku wa kwanza mtu hawezi kulalia ubavu. Siku ya tatu vinatokea vipele vidogo kuzunguka shina, vingine vina usaha, na mtu anadhani ni jeli imemkataa. Kisha nywele za panjani, ambazo kwa wengi wetu ndizo dhaifu zaidi, zinaanza kuachia. Ngozi inang'aa. Ukishtuka mapema ukaacha kuvuta, tundu la unywele hupona na unywele hurudi. Ukiendelea kwa miaka, tundu linaziba kwa kovu, na hapo hakuna mafuta ya nyonyo wala ya rozimari wala maji ya kitunguu yatakayolifungua. Mafuta hayo yote yanauzwa kwenye ngazi za jengo letu. Muuzaji ni rafiki yangu, kwa hivyo niishie hapo.

Halafu kuna uzito, ambao watu hawaufikirii. Dredi ndefu ikilowa ni nzito, kila mwenye nazo anajua shingo inavyolalamika ukiinuka kutoka kwenye sinki. Dredi ya panjani ina nywele chache kuliko ya utosini, lakini mtu anataka zote ziwe za urefu mmoja. Ni kama kumbebesha mtoto wa darasa la pili debe la mtu mzima. Anaweza, lakini muangalie shingo.

Nimewauliza wateja kwa nini wanataka kukazwa hivyo. Hakuna aliyenijibu ati anapenda uchungu. Kila mmoja ana mtu anayemtazama. Mmoja ana bosi. Mwingine anaenda ruracio na mama mkwe mtarajiwa ameshauliza mara mbili kama "hizo ni za kudumu". Kuna kijana wa mauzo anayesema akiingia kwa mteja na kichwa kina manyoya, mlinzi anamuuliza anapeleka nini badala ya kumuuliza anamwona nani. Tofauti kati ya maswali hayo mawili, anasema, ni ritachi.

Watu husema Nairobi imezikubali dredi. Na ni kweli, ukilinganisha na zamani. Wako mawakili wenye dredi, watangazaji wenye dredi, wahadhiri, waimbaji wa kwaya. Lakini nikikaa na vichwa hivi siku sita kwa wiki naona vizuri zimekubaliwa kwa sharti gani. Zimekubaliwa zikiwa "nadhifu". Na ukiuliza nadhifu ni nini, hakuna anayesema zioshwe. Maana yake ni kwamba shina lisionekane limeota. Yaani nywele ziwe zinakua, lakini zisionekane zinakua. Mimi ndiye ninayelipwa kuficha hilo, kila baada ya wiki mbili, na gharama yake inakatwa panjani.

Sharti hili halikuanzia ofisini, na mimi nimelijulia nyumbani. Mama yangu hajawahi kuniuliza kwa nini nina dredi, na mwaka huu zimetimiza tisa. Anachoniuliza kila tukikutana ni: "Utafanya ritachi lini?" Zamani nilikuwa nadhani anajali urembo. Siku moja tukiwa jikoni nikamwambia, Mama, mimi ndiye fundi, wacha nipumzishe kichwa. Akakata kitunguu kimya kwa muda, halafu akasema, "Mtu akiona zimetengenezwa, anajua kuna mahali unaenda asubuhi."

Nilielewa alikokuwa. Alikuwa 2007.

Tulikuwa tunakaa Huruma. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Ndugu yake mdogo, Anko, alikuwa anaishi na sisi, na alikuwa na dredi za kufika mabegani. Hakuwa Rasta wala hakuwa na kundi lolote. Alikuwa fundi wa redio na mpenzi wa reggae, mtu wa kuchelewa kila mahali. Lakini Mungiki, waliokuwa wamepigwa marufuku tangu 2002, walikuwa wamejulikana kwa mambo mawili ambayo hata mtoto wa rika langu aliyataja: ugoro na dredi. Juni mwaka huo kukawa na msako mkubwa Mathare, barabara tu kutoka kwetu, na watu waliuawa. Mtaani hakukuwa na mtu wa kueleza dredi hii ni ya muziki na ile ni ya kiapo. Mama alimnyoa Anko usiku, jikoni, kwa makasi ya kushonea. Stima zilikuwa zimepotea, kwa hivyo mimi nilishika mshumaa. Hakuna aliyeongea. Zile nywele hazikutupwa. Takataka zina macho. Zilichomwa kwenye jiko la makaa, na kama hujawahi kusikia harufu ya nywele zikiungua ndani ya nyumba ya chumba kimoja, mshukuru Mungu wako. Anko hajawahi kuzifuga tena. Ana kipara sasa, cha umri, na anakifanyia mzaha.

Kilichonishangaza nilikijua baadaye sana, nikiwa mtu mzima napita Kimathi Street. Ile sanamu ya Dedan Kimathi ilizinduliwa na Rais Kibaki tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe Kamiti. Ni sanamu yenye dredi. Mchongaji hakuzificha wala hakuzipunguza, na asingeweza, kwa sababu picha tunayoijua wote ni ile ya 1956, Kimathi amelala chini amefungwa pingu na nywele zake zimejifunga vile msitu ulivyozifunga. Kwa hivyo Februari serikali inasimamisha mwanamume mwenye dredi katikati ya jiji, na Juni hiyo hiyo mama yangu anachoma za ndugu yake kwenye jiko, kilomita chache kutoka hapo. Sidhani alikuwa na nafasi ya kwenda kuiona sanamu.

Nikiitazama kwa jicho la kazi, naona kitu kingine. Dredi za msituni hazikuwa na njia. Hakuna aliyegawa kichwa cha mtu kwa mkia wa kitana kule Nyandarua. Nywele zilijifunga kwa sababu hakukuwa na wembe wala muda, nyingine nene kama kidole gumba, nyingine nyembamba, nyingine zimeoana tatu kwa pamoja. Siku hizi kuna wanaofuga hivyo kwa kupenda, na ni wachache sana wanaofanya kazi mahali penye zulia. Field Marshal Muthoni wa Kirima alizibeba zake kutoka msituni na akakaa nazo karibu miaka 70, hadi Aprili 2022, akiwa na zaidi ya miaka 90, aliponyolewa na Mama Ngina Kenyatta huko Nyeri. Nchi nzima ilitazama. Wenzangu walikuwa wanabishana kuhusu siasa za lile tukio, nani alipaswa kushika makasi na nani hakupaswa. Mimi nilikuwa natazama urefu wa zile nywele na kufikiria shingo. Miaka 70 ya kuziosha, kuzikausha, kuzilalia. Alifariki Septemba mwaka uliofuata. Tunamheshimu, na ni haki, lakini kichwa kile kile kwa msichana wa miaka ishirini na tano kisingepita intavyu ya kazi ya mapokezi.

Mtu ataniambia mahakama ilishamaliza hayo. Si kweli. Ilimaliza jambo moja muhimu: Septemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba Urastafari ni dini kama dini nyingine, na kwamba msichana wa Kibra aliyeambiwa na shule akazinyoe dredi zake alikuwa na haki ya kusoma akiwa nazo. Nilifurahi siku hiyo hadi nikawapa wateja wawili soda. Lakini wateja wangu wengi si Rasta. Ni Wakatoliki, ni Waadventista, ni watu wa kulala Jumapili. Hawana dini ya kuzitetea nywele zao. Wana nywele tu. Kwa hao, kinachobaki ni maelewano kati yao na mtu wa ofisi ya wafanyakazi, na maelewano hayo yananijia mimi Jumamosi asubuhi yakiwa na neno moja.

Wako pia wanaokata. Huja jioni, mara nyingi Jumapili, kazi inaanza Jumatatu. Kijana mmoja alikuja na bahasha ya kaki ya kuwekea zake, akaziandika tarehe juu kama risiti. Wengine huuza. Dredi za mtu zina soko, zinaunganishwa kwenye nywele za mwingine anayetaka urefu leo leo, na bei inategemea urefu na unene. Mimi sina neno na biashara hiyo. Ila mtu akilia nikikata, sinunui zake siku hiyo. Namwambia aende nazo nyumbani, akitulia arudi. Wengi hawarudi.

Sasa niseme ninachowaambia wanaotaka kukaa nazo, kwa sababu nikiishia kwenye siasa mtasema fundi gani huyu.

Osheni. Bado kuna watu wanaamini dredi haioshwi, eti itafunguka. Dredi changa inaweza kulegea, ndiyo, na ndiyo maana tunaiosha kwa kuifunika wavu na kuminya badala ya kusugua. Lakini ngozi ya kichwa ni ngozi. Inatoka jasho ndani ya matatu kama ngozi nyingine yoyote. Wiki moja ni vizuri, wiki mbili ndio mwisho wangu. Najua mitaa mingi maji huja kwa zamu, na mengine ni ya kisima, ya chumvi, yanaacha kitu cheupe ambacho mtu anakiita mba. Kama una hayo maji, weka akiba ya mvua kwa suuza ya mwisho. Wanaoishi kwa landilodi mkali, jagi tatu za maji masafi zinatosha suuza hiyo, nimepima.

Kukausha ndiko watu wanakolala, na naomba hapa mnisikilize. Nje ya dredi inakauka upesi, ndani bado kuna maji. Julai, na kale kabaridi ketu, dredi nene inaweza kukaa siku nzima ikiwa mbichi katikati. Ukiibana juu na kuivalia mavini ukalala, umeipikia ukungu. Harufu yake ni ya tambara la deki lililosahaulika ndooni, na ikishaingia haitoki kwa marashi. Osha asubuhi ya siku yenye jua. Minya kwa fulana kuukuu ya pamba, si taulo, taulo inaacha nyuzi. Hata ile mavini ya sufi inaacha nyuzi. Ukimwona mtu dredi zake zina vijidoti vyekundu, ujue alikuwa na mavini nyekundu. Usiku funga kitambaa laini cha satini.

Nta, hapana. Inang'arisha siku tatu, halafu inakaa ndani ya dredi miaka. Nimewahi kuipasua dredi iliyokatwa ya mtu aliyekuwa akipaka nta na katikati kulikuwa na kijivu kama majivu ya sigara. Jeli ni sawa, kiasi cha ukucha. Mshubiri wa kwenye kopo la rangi pale mlangoni kwenu ni sawa, mradi uutumie mbichi siku hiyo hiyo na uusuuze vizuri. Kwa jumla kinachosaidia dredi ni maji, sabuni isiyo na mafuta mengi, jua, na kuachwa. Mteja hapendi kusikia hivyo kwa sababu kuachwa hakuuzwi kwenye chupa.

Na msiogope nywele zinazokatika mkiosha. Kila binadamu hupoteza kati ya nywele 50 na 100 kwa siku. Asiye na dredi anaziacha kwenye kitana na mtoni. Sisi tunakaa nazo, zimefungwa humo ndani pamoja na zilizo hai, tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana mtu akifumua dredi za miaka mitano anaona rundo la kutisha akadhani amekuwa kipara. Zilikuwa zimeshang'oka zamani, ni vile hazikuwa zimeondoka.

Aliyenifanya niandike haya ni dada mmoja wa benki. Sitaitaja benki. Alikuja kwangu mara ya kwanza Januari mwaka jana kutoka kwa fundi mwingine, na nilipomgawa njia nikaona panja zote mbili zimeshapanda, ya kushoto vidole viwili. Dredi mbili za mbele zilikuwa zimeshikiliwa na nywele nilizoweza kuzihesabu. Nikaleta kioo cha pili nikamwonyesha.

"Najua," akasema. "Wewe kaza tu."

Nikamwambia nikizikaza hizo zitang'oka, kama si leo ni mwezi ujao.

"Fundi, mimi niko kaunta. Meneja amesema zikianza manyoya tutaongea. Sasa unataka niongee naye nini?"

Nilimkatalia zile za mbele. Nyuma nikasema nitafanya, kwa mkono mwepesi. Aliinuka, akanishukuru kwa adabu sana, akaenda chumba cha pili. Kati yetu na chumba cha pili kuna ukuta wa mbao nyembamba, ile unasikia hadi mtu akifungua soda. Kwa hivyo nilikaa pale nikimfanyia mtu mwingine huku nikimsikia yeye akivuta pumzi kwa meno kila sindano ilipopita. Ile Jumamosi nilikosa elfu moja na mia mbili, na mwenye chumba alikuwa anadai kodi. Jirani yangu ana watoto watatu na ni fundi mzuri. Simlaumu, kama si yeye angekuwa mwingine wa ghorofa ya tatu.

Alirudi mwezi wa nne, amejifunga leso. Dredi moja ya kushoto ilikuwa imetoka yenyewe akioga. Alikuwa ameileta kwenye mkoba, imefungwa ndani ya tishu, kama mtu anayempelekea daktari wa meno jino.

Tulifanya hivi. Dredi za mbele tuliziunganisha mbili mbili ili kila moja iwe na nywele za kutosha kuibeba. Kisha tukazikata zifike kidevuni tu, kupunguza uzito, na hapo ndipo alipolia kidogo. Hakuna kusokota mbele, hakuna klipu, hakuna kubana juu. Nikamwambia aende kwa daktari wa ngozi pia, kwa sababu mimi naona nywele, sioni kilicho chini yake. Akaenda, alipewa dawa ya kupaka, na akaambiwa lile lile la kuacha kuvuta, kwa bei ya ritachi tatu.

Kazini alienda na kilemba wiki nzima. Mwenzake mmoja akamuuliza kama ameingia Akorino. Siku ya Ijumaa meneja akamwita. Anavyonisimulia, hakuwa amepanga hotuba. Alifungua tu kilemba akainama mbele ya meza, akamwonyesha. Meneja naye ni mwanamke, na mwenyewe ana wigi, kila siku. Alikaa kimya, akasogea karibu, akauliza, "Inauma?" Halafu akamwambia afunge hivyo hivyo, ila kilemba kiwe cha rangi ya sare.

Tumekuwa tukionana kila baada ya wiki nane. Jumamosi iliyopita nilimmulika kwa tochi ya simu. Kushoto kuna vinywele, laini kama vya mtoto mchanga, unaviona ukiinamisha kichwa kuelekea dirishani. Kulia ngozi bado inang'aa. Aliniuliza na ya kulia je. Nikamwambia ya kulia sijui, huenda imefunga.

Akakaa kidogo akijitazama kwenye kile kioo cha pili. Akauliza ni pesa ngapi. Nilikuwa nimemwosha na kumkausha tu, shina sikuligusa, nikasema mia tano. Simu yangu ikalia: elfu moja na mia mbili, zile zile za siku zote. Nikamrudishia mia saba. Alikuwa ameshafika kwenye ngazi aliponitumia tena.